Kuseti linki za mbali na poti kwenye swichi za storeji: mwongozo kamili

Swichi mbili za Fibre Channel (mtandao wa kuunganisha sava na storeji) zikiwa kwa raki moja unachomeka kebo, zinaongea, umemaliza. Sasa peleka moja Thika ubaki na nyingine Upper Hill, uchomeke vile vile bila kuseti kitu, na zitaongea pia, taa ni ya kijani, amri ya switchshow inasema E-Port, yaani poti ya swichi kwa swichi, halafu riplikesheni (kunakili data kwenda saiti ya pili) inatambaa na megabaiti 30 kwa sekunde kwenye linki ya 8G (gigabiti 8 kwa sekunde) ambayo inafaa kubeba karibu 800. Hapo sasa watu wa storeji wanasema ni faiba, kampuni ya faiba inaleta ripoti mwanga uko safi kabisa, na masiku yanaenda. Kawaida shida ni namba moja tu, bafa krediti, na hiyo namba inatoka kwa urefu wa faiba yenyewe na saizi ya fremu zako, yaani pakiti za data. Ukiihesabu kabla ya kuwasha linki umejiokolea usiku mwingi wa kukesha.

Natumia amri za swichi za Brocade, programu yao ya Fabric OS 7.1 kwenda juu, alafu nitagusa swichi za Cisco MDS kidogo kule chini.

Kwanza elewa krediti, bila hiyo amri zote ni za kubahatisha

Fibre Channel haitumi fremu mpaka ijue upande ule mwingine una nafasi ya kuipokea. Kila nafasi ni krediti moja. Ukituma fremu krediti moja inatoka, na inarudi tu mwenzako akishaipokea fremu na kukutumia jibu la R_RDY au VC_RDY. Ni kama duka la soda: ukiwa na kreti 8 tupu, lori linakupa soda za kreti 8, na huongezewi mpaka utoe kreti zingine tupu, sasa kama depo iko mbali unakaa na rafu tupu ukingoja lori, hata kama wateja wamepanga foleni.

Mwanga ndani ya faiba unatumia kama maikrosekunde 5 kwa kilomita, kwa hivyo kwenda na kurudi ni 10. Chukua faiba ya kilomita 58, hapo ni maikrosekunde 580 kabla krediti irudi. Poti ikiwa na krediti 8 na kila fremu ibebe baiti 2112, kwa hizo maikrosekunde 580 umetuma baiti 16,896 basi, na ukigawanya unapata kama megabaiti 29 kwa sekunde. Ndio hizo 30 za pale juu. Hakuna kitu kimeharibika, hakuna era, poti inangoja tu.

Kwa fremu kubwa kabisa, hesabu za kuweka kichwani ni hizi: 2G inataka krediti 1 kwa kilomita, 4G inataka 2, 8G inataka 4, 16G inataka 8. Brocade huongeza 6 za ziada juu. Angalia hapo kitu kinachosahaulika sana, kwamba ukipandisha kasi ya linki kutoka 8G hadi 16G kwa umbali ule ule, krediti zinafaa kuongezwa mara mbili, la sivyo umenunua transeiva mpya (kile kifaa cha kutuma na kupokea mwanga) na kasi imebaki pale pale.

Hatua ya 1: jipange kabla hujagusa poti

Unafaa kuwa na fabriki mbili (mitandao miwili ya storeji iliyotengana), A na B, na faiba zao zipite njia tofauti. Hapa Nairobi sihitaji kueleza sana, tingatinga la kupanua barabara likipita kwa mtaro faiba zote zilizolala humo zinaenda pamoja. Kwa hivyo uliza kampuni ya faiba ramani ya njia, usikubali tu neno la mdomo kwamba ziko tofauti, cheki kama zinaingia kwa jengo lako kupitia shimo moja. Alafu kazi yote fanya kwa fabriki A kwanza, hakikisha maltipathi (programu inayoipa sava njia zaidi ya moja) kwa sava zote inaona njia za B ziko hai, maliza A, acha itulie hata siku kadhaa, ndio uende B. Usiwahi kugusa zote mbili usiku mmoja hata ukiharakishwa na mkubwa gani.

Chukua bakapu kwa `configupload` kila swichi. Andika pia majibu ya `switchshow`, `fabricshow`, `cfgshow` na `portcfgshow` uweke mahali, utayahitaji ukibishana na mtu baadaye.

Cheki leseni kwa `licenseshow`. Hali ya poti ya LE (hizi hali nazieleza Hatua ya 4) inafika kilomita 10 bila leseni yoyote, lakini LD na LS kupita hapo zinataka leseni ya Extended Fabrics, na inafaa iwe kwa swichi zote mbili. Kuna watu wamefika saiti saa nne usiku ndio wanajua leseni haiko, na hiyo sio kitu unanunua usiku.

Kama unaunganisha fabriki mbili ambazo hazijawahi kuonana, cheki domain ID, ile namba ya utambulisho ya kila swichi. Swichi nyingi hutoka kiwandani na 1, na mbili zenye namba moja zikikutana linki inakataa, utaona poti imeandikwa segmented. Kubadilisha domain ID kunataka `switchdisable` kwanza, yaani swichi nzima inalala, kwa hivyo fanya hiyo mapema kwa dirisha lake. Zoni pia (makundi ya nani anaruhusiwa kumwona nani): kama kuna zoni zenye jina moja pande zote lakini wanachama tofauti, zitagongana tu. R_A_TOV na E_D_TOV (vipima muda vya fabriki) zikae sawa kila mahali, kwa kawaida ni milisekunde 10000 na 2000, na mimi siwezi kukushauri uziguse.

Hatua ya 2: jua urefu wa faiba, sio wa barabara

Kutoka mjini hadi Thika barabara ni kilomita 40 na kitu. Faiba haijui hiyo. Faiba inazunguka, inapitia nguzo, inaingia kwa kituo cha kampuni, inaachwa mizunguko ya akiba kwa kila shimo ili ikikatika iweze kuungwa, na mwisho unaweza kupata 58 pale ulifikiria 45. Ukihesabu krediti kwa kilomita za barabara umeanza na deni.

Njia ya kwanza ni kuomba ripoti ya OTDR (kipimo cha faiba kwa mwanga) kutoka kwa kampuni ya faiba, hiyo inaonyesha urefu na kila muunganiko na hasara yake. Itake kwa nyuzi zote mbili, ya kutuma na ya kupokea.

Njia ya pili, na naipenda kwa sababu unajipimia mwenyewe, ni D_Port, hali ya poti ya kupima linki. Ukiwa na swichi na transeiva za 16G za Brocade pande zote, zima poti pande zote mbili, geuza ziwe za kupima, alafu washa:

```
portdisable 12
portcfgdport --enable 12
portenable 12
portdporttest --show 12
```

Kipimo kinajianzisha poti zikiamka zote, na kinakupa makadirio ya urefu wa kebo na muda wa kwenda na kurudi. Ukimaliza zima poti tena na urudishe kwa `portcfgdport --disable 12`. Kama katikati kuna vifaa vya DWDM (vinavyopitisha mawimbi mengi ya mwanga kwa faiba moja) kipimo kinabadilika, sehemu ya mwanga haitajibu vile vile, hapo tegemea ripoti ya kampuni zaidi.

Tukiwa hapo kwa mwanga, usisahau bajeti ya desibeli. Kwa mawimbi ya nanomita 1310 hesabu kama 0.35 hadi 0.4 kwa kilomita, kwa 1550 kama 0.2 hadi 0.25, ongeza hasara za konekta na miunganiko. Transeiva ya kawaida ya mbali ya 1310 imetengenezewa kilomita 10. Kupita hapo ni za 1550 za masafa marefu, na kwa kilomita 58 mara nyingi utakuwa na DWDM katikati. Na kama unajaribu transeiva ya masafa marefu kwa meza na kebo ya mita mbili weka kipunguza mwanga, bila hiyo unaweza kuua kipokezi, na hivyo vitu ni ghali.

Hatua ya 3: jua saizi ya fremu zako

Hapa ndio wengi hupita haraka. Zile hesabu za 4 kwa kilomita ni za fremu zilizojaa. Lakini fremu ndogo inakula krediti nzima sawa na kubwa, kwa hivyo kama wastani wa fremu zako ni nusu, unahitaji krediti mara mbili. Riplikesheni ya databesi yenye miamala midogo midogo haijazi fremu.

Kupata wastani, chukua poti ambayo inabeba hiyo trafiki sasa, au poti ya storeji yenyewe:

```
portstatsclear 4
portstatsshow 4
```

Acha saa moja ya kazi ya kweli ipite kati ya hizo amri mbili, ikiwezekana saa ya pilikapilika. Angalia stat_wtx, hiyo ni maneno ya baiti 4 yaliyotumwa, na stat_ftx, hiyo ni idadi ya fremu. Zidisha ya kwanza kwa 4 ugawanye kwa ya pili. Mfano stat_wtx ikiwa 256,000,000 na stat_ftx 1,000,000, wastani ni baiti 1024.

Sasa hesabu ya kweli kwa linki yetu ya 8G. Kilomita 58 mara 4 ni 232, na 6 za Brocade inakuwa 238. Hiyo ni kwa fremu kubwa. Kwa wastani wa 1024, chukua 232 mara 2112 gawa kwa 1024, unapata kama 479, na 6 inakuwa 485. Ukiweka 238 kwa trafiki ya fremu za 1024, linki itabeba karibu nusu ya uwezo wake na utaapa kwamba umeseti vizuri. Swichi yenyewe inaweza kukuhesabia:

```
portbuffercalc 12 -distance 58 -speed 8 -framesize 1024
```

Alafu cheki kama hizo bafa ziko. Poti zinagawana bafa za chipu moja, kwa hivyo piga `portbuffershow` uangalie safu ya mwisho ya zilizobaki kwa kundi la poti hilo. Kama hazitoshi, hamisha linki kwa kundi lingine au ushushe kasi ya linki.

Hatua ya 4: seti poti

Kuna hali nne. L0 ni ya kawaida, ya ndani ya jengo. LE ni hadi kilomita 10. LD inapima umbali yenyewe linki ikiamka, na namba unayoipa ni kikomo cha juu tu. LS ni wewe unaiambia umbali au idadi ya bafa na inakaa hapo. Mimi ni mtu wa LS. LD ni rahisi, sawa, lakini inapima ikiamka na kupanga kwa hicho kipimo, sasa kampuni ikihamisha njia na wewe hujui, hujui pia umebaki na krediti ngapi. LS unajua kitu uliandika.

Pande zote mbili ziwe na hali moja, LS kwa LS, zikitofautiana linki haitakubaliana. Na zima poti kwanza, maana kubadilisha hali inaangusha linki hata hivyo, afadhali iende chini ukiitazama.

```
portdisable 12
portname 12 -n "ISL_A_THIKA"
portcfgspeed 12 8
portcfglongdistance 12 LS 1 -distance 58 -framesize 1024
```

Kwa firmweya ya zamani umbali unaandikwa bila ile `-distance`, namba tu mwishoni. Ukitaka kutaja bafa moja kwa moja tumia `-buffers 485` badala ya umbali.

Kasi ifunge, usiache iamue yenyewe. Vifaa vingi vya DWDM havijui kujadiliana kasi, na poti mbili zikijaribu kujadiliana kupitia kifaa ambacho hakielewi zitakaa zikipanda na kushuka usiku kucha.

Ile 1 baada ya LS inaamua linki ijazwe na ishara za ARB wakati hakuna fremu, 0 ni IDLE. Kwa 8G hii inashikamana na `portcfgfillword`, na kitu cha maana ni pande zote kuwa sawa. Dalili ya kutolingana ni er_bad_os kwenye portstatsshow ikipanda kama mita ya stima. Kwa 16G na juu hii habari ya fillword haikuhusu, usimbaji ni mwingine.

QoS (vipaumbele vya trafiki) kama huitumii izime kwa hiyo poti, `portcfgqos --disable 12`, kwa sababu ikiwa wazi inagawa krediti kwa vipaumbele na inataka bafa za ziada. Urejeshaji wa krediti uache ukiwa ON, utauona kwenye `portcfgshow 12`, huo unagundua krediti zilizopotea kwa era za njiani na kuzirudisha. FEC (kurekebisha era za njiani) kwa 16G iwe sawa pande zote, na uliza watu wa DWDM kama kifaa chao kinaipitisha kabla ya kuiwasha.

Kama kifaa cha katikati kinajifanya kurudisha krediti chenyewe, kinaweza kutaka R_RDY ya kawaida, hiyo ni `portcfgislmode`. Lakini ukiiwasha unapoteza trunki (linki kadhaa zilizofungwa ziwe moja), kwa hivyo usiiwashe bila mtu wa DWDM kukwambia ni lazima.

Na trunki yenyewe: linki mbili za trunki moja zinafaa kutofautiana urefu kwa mita 30 hivi tu. Moja ikipita Thika Road na nyingine ikizunguka Kiambu, usilazimishe trunki, ziache ziwe linki mbili na swichi igawe trafiki kwa njia ya exchange, yaani kila mazungumzo ya amri na jibu.

Fanya yote upande wa pili, cheki namba mara mbili, alafu `portenable 12` pande zote.

Hatua ya 5: hakikisha, na usiridhike na kijani

`islshow` na `fabricshow` kwanza, uone swichi ya pili na kasi uliyoweka. `portbuffershow` uone bafa zilizotengwa zimefika zilizohitajika. `sfpshow 12` uandike RX Power (nguvu ya mwanga unaopokelewa) ya siku ya kwanza, pande zote, hiyo ndio kipimo chako cha kulinganisha miezi sita ijayo.

Alafu safisha kaunta kwa `statsclear`, anzisha riplikesheni ya kweli, na uangalie tim_txcrd_z. Hii kaunta inahesabu muda poti imekaa bila krediti ikiwa na kitu cha kutuma, kila hesabu ni maikrosekunde 2.5. Chukua namba, ngoja sekunde 10, chukua tena. Ikiongezeka na 2,000,000 hiyo ni sekunde 5, yaani nusu ya wakati poti ilikuwa imesimama ikingoja krediti. Ukiona hivyo rudi kwa saizi ya fremu, uwezekano mkubwa wastani wako ni mdogo kuliko ulivyodhani. Lakini pia kama upande ule storeji yenyewe inapokea polepole, krediti zitakosekana hata ukiweka elfu, kwa hivyo cheki poti ya storeji kule Thika kabla ya kuongeza.

Kwa `porterrshow`, safu ya crc_g_eof ikipanda kwa poti hii ujue eneo la era ni hapa hapa, kebo au transeiva au njia. crc_err ikipanda bila crc_g_eof, fremu imefika ikiwa tayari imeharibika mahali pengine. Safisha konekta kabla ya kubadilisha kitu. Vumbi la Nairobi linaingia kila mahali, na konekta chafu inafanana kabisa na transeiva mbovu.

Ukiridhika zima linki makusudi, fabriki A, uone sava zinahamia B bila kulia. Afadhali ujue leo mchana.

Jambo moja la kuwaeleza watu wa programu mapema: kuandika kwa SCSI (lugha ya amri za storeji) kunaenda na kurudi mara mbili, amri na ruhusa, kisha data na jibu. Kwa kilomita 58 hiyo ni milisekunde 1.16 juu ya kila andiko kama riplikesheni ni ya papo kwa papo na storeji yako haina mbinu ya kupunguza. Krediti hazipunguzi hiyo, zinajaza bomba tu. Ndio maana mtu akitaka hivyo hadi Mombasa, faiba ya kilomita 500 hivi, mwambie ni milisekunde 10 kwa kila andiko na databesi yake italia, huko tumia riplikesheni isiyongoja jibu.

Poti za sava na zilizobaki

Hizi ni haraka. Kila poti ipe jina. Poti ambayo haitumiki ilaze kwa `portcfgpersistentdisable`, hiyo inabaki imelala hata swichi ikiwashwa upya. Poti za sava zizimie uwezo wa kuwa E_Port kupitia `portcfgeport`, ili mtu asichomeke swichi ya maabara hapo na kuunganisha fabriki yake na yako. Poti uliyorithi na huelewi iliwekwaje, `portcfgdefault` inairudisha kama mpya.

Kwa wa Cisco MDS

Wazo ni lile lile, ila unaseti krediti za kupokea, kwa hivyo namba unayoweka hapa ndio inampa nafasi yule wa upande wa pili kutuma. Seti pande zote.

```
interface fc1/12
  shutdown
  switchport mode E
  switchport speed 8000
  switchport fcrxbbcredit 485
  no shutdown
```

Kagua na `show interface fc1/12 bbcredit`. Ukihitaji kupita kikomo cha kawaida cha moduli kuna krediti za extended, na hizo zinataka leseni ya Enterprise.

Faiba ikihamishwa

Kampuni nyingi zina njia ya akiba, faiba ikikatwa wanakuhamishia huko bila wewe kusikia, linki inarudi kijani, na hakuna anayekwambia kwamba 58 imekuwa 71. Kwa 8G na fremu za 1024 hiyo inataka krediti 592, wewe una 485. Kwa hivyo kabla ya kusaini mkataba uliza urefu wa njia zote mbili kwa maandishi, na useti LS kwa ile ndefu tangu siku ya kwanza. Bafa za ziada kwa linki fupi hazidhuru chochote mradi chipu inazo. Na kwenye mkataba weka kipengele kwamba njia ikibadilishwa unapewa taarifa na ripoti mpya ya OTDR, uirudie hesabu ile ile, urefu mara 4 mara 2112 gawa kwa wastani wa fremu ongeza 6, ulinganishe na portbuffershow inavyosema.